Vita bila bunduki hata moja: kisa cha wanafunzi watano na video ya wimbo wa roki

Storibodi yao ya kwanza, yani michoro ya video picha kwa picha, ilikuwa na shoti 143. Nilihesabu mara mbili manake mara ya kwanza nilidhani nimechanganya kurasa, nikakuta hapana, ni 143 kweli, na kati ya hizo 61 zina bunduki. Shoti ya kwanza kifaru kinatokea ndani ya moshi. Shoti ya mwisho mpiga gitaa kasimama juu ya kilima cha maganda ya risasi, jua linazama nyuma yake, nywele zinapepea. Imechorwa vizuri mno, yule dada wa kamera ana mkono wa kuchora, lakini nilivyofunga daftari nilibaki na swali moja tu kichwani, hii video inapinga vita au inavitangaza?

Ngoja nieleze kisa chenyewe. Vijana ni watano, mwaka wa pili masomo ya filamu, wamepewa kazi ya muhula: tafuta wimbo, piga video, wiki sita za kila kitu, siku mbili tu za kushuti, kamera moja, taa tatu, mengine mtajua wenyewe. Wimbo wakaupata kwa wenzao wanaosoma muziki, bendi ya watu wanne, roki nzito, dakika 4 na sekunde 12, wimbo wa kupinga vita. Mimi niliombwa nikae nao kipindi cha mipango, kushauri tu, kuamua waamue wao. Majina yao siweki, nitawaita kwa kazi zao.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilimwomba mwimbaji wa bendi aje asome maneno ya wimbo bila muziki, kama anasoma barua. Akasoma. Vesi ya kwanza kijana anaitwa na jina lake lipo kwenye orodha. Vesi ya pili wapo nyumbani wanasubiri habari. Vesi ya tatu habari imefika. Korasi inarudia kitu kimoja, kwamba mtu si namba. Basi. Wimbo mzima hauna bunduki, hauna bomu, hauna kifaru. Nikawauliza hizi bunduki 61 zimetoka wapi, wakaangaliana, dairekta akasema zimetoka kwenye gitaa. Nilimwelewa vizuri sana, manake lile gitaa kweli linaunguruma kama kitu kinabomoka, ukifunga macho unaona moto.

Ila hapo ndo penye mtego wote wa kazi ya namna hii. Roki ina nguvu mwilini, inamfanya mtu asimame, atingishe kichwa, ajisikie mkubwa. Sasa ukichukua hiyo nguvu ukaibandika juu ya askari anayekimbia kwa slomo, yani polepole, na moshi nyuma yake, umeshamtengenezea tangazo la kuandikisha vijana jeshini, hata kama maneno yanasema kinyume, manake macho yana haraka kuliko masikio na picha ya mlipuko ni tamu kuiangalia, tusidanganyane. Dairekta akabisha, na alibisha kwa hoja: "Tusipoonyesha vita, mtu atajuaje tunapinga nini?" Sikuwa na jibu la mkato. Nikawaambia wajaribu.

Jaribio lilikuwa rahisi. Edita alikuwa tayari amekusanya vipande vya vita vya zamani, akaviunga kwenye sekunde 40 za korasi na solo ya gitaa, wakawaonyesha wenzao nane ambao hawakuwa wanajua chochote kuhusu mradi, halafu wakauliza swali moja tu, umekumbuka nini. Sita wakataja mlipuko. Mmoja akasema ndege. Mmoja akataja wimbo, akasema ni mkali. Hakuna hata mmoja aliyetaja mtu. Dairekta alikaa kimya kama dakika nzima, halafu akachukua storibodi akaanza kupiga mistari mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Kabla sijafika walikokwenda baada ya hapo, niseme kuhusu hivyo vipande vya zamani, manake suala lake ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Kisheria edita alikuwa amejipanga kiasi. Alikuwa anajua kwamba picha zilizopigwa na wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini hazina haki miliki ndani ya Marekani, kwa hiyo kuna filamu nyingi za Vita vya Pili vya Dunia mtu anaweza kuzitumia. Ila kwenye folda yake alikuwa amechanganya na vipande vya sinema za kuigiza, na hapo nikamwambia hapana, sinema ina mwenyewe. Metallica walipotoa video yao ya kwanza mwaka 1989, ya wimbo wa One, ndani yake mna vipande vya filamu ya 1971, Johnny Got His Gun, na ili wavitumie bila kusumbuana na mtu walinunua haki za filamu yenyewe. Bendi kubwa imefanya hivyo, sasa mwanafunzi atajitetea na nini, kwamba ni kazi ya darasa? Siku video inapowekwa mtandaoni haijui tena kama ilikuwa kazi ya darasa.

Lakini sheria ilikuwa sehemu nyepesi. Kulikuwa na kipande kimoja kwenye ile folda, wafungwa wa vita wanatembea mstari mmoja barabarani, wamechoka, na mmoja anageuka anaangalia kamera kama sekunde moja hivi, halafu anainua mkono anafunika uso. Edita alikuwa anakipenda sana hicho kipande, alikuwa amekiweka pale pale ambapo dramu zinaingia, na kilikuwa kinafanya kazi kweli, kinauma. Nikamuuliza yule mtu anasema nini na mkono wake. Akajibu mwenyewe taratibu, anasema usinipige picha. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, unasema wafungwa wa vita walindwe dhidi ya vitisho, matusi na udadisi wa watu. Najua mkataba ule unazibana serikali, haumbani mwanafunzi na laptopu yake, lakini mbona maana yake inaeleweka na mtu yeyote. Yule bwana alificha uso wake, sisi tunaufunua tena na kuupigia gitaa. Kikatolewa. Na baada ya hicho kutoka, vingine vyote vikaanza kuonekana vibaya, maiti hasa, manake yule ni mtoto wa mtu na hakuna aliyemwomba ruhusa awe mapambo ya solo. Wakafuta folda nzima. Mimi binafsi sisemi picha za kumbukumbu zisitumike kabisa, zipo kazi zinazohitaji ushahidi, kama unazungumzia tukio fulani lililokataliwa kwamba halikutokea basi onyesha. Wimbo huu haukuwa wa namna hiyo.

Kilichobaki cha ile storibodi kikauliwa na hesabu. Siku mbili za kushuti, saa kumi kila siku, ni saa 20. Toa kula, kupanga vyombo, kufungasha, kuhama sehemu, ukibaki na saa 15 shukuru Mungu. Hizo ni dakika 900. Gawa kwa shoti 143 unapata dakika 6 na kidogo kwa kila shoti, na ndani ya hizo dakika 6 usogeze taa, umpake mtu matope, umweleze eksta asimame wapi, urudie mara tatu. Haiwezekani hata kwa watu waliozoea. Halafu wimbo wenyewe ni sekunde 252, shoti 143 maana yake kila picha inakaa wastani wa sekunde 1.8, mtazamaji hapati hata nafasi ya kumjua mtu. Unataka kusema mtu si namba halafu humpi mtazamaji sekunde mbili za kumwangalia!

Mambo ya silaha na sare yalikuwa yamepangwa kienyeji sana na nilikuwa nayaogopa kuliko yote. Walitaka bunduki za plastiki zinazofanana na za kweli, uwanja wa wazi, bila kumwambia mtu. Mpita njia mmoja akipiga simu polisi, wanaokuja hawajui kama ni plastiki. Kwenye nchi nyingi raia kuvaa sare za jeshi bila ruhusa ni kosa pia. Walitaka na hema lenye msalaba mwekundu, na ile alama inalindwa na Mikataba ya Geneva, sio pambo la mtu yeyote kuchora anapojisikia. Na mtu asiniambie kwenye seti kubwa wanatumia hata za kweli, mwigizaji Brandon Lee alikufa mwaka 1993 kwa bunduki ya maigizo, na Oktoba 2021 mpiga picha Halyna Hutchins alikufa kwa bunduki iliyotangazwa kwamba haina kitu, na pale palikuwa na mtu ameajiriwa kabisa kwa kazi ya silaha. Wanafunzi watano hawana huyo mtu. Hili halikujadiliwa sana, lilipita.

Sasa wamebaki na wimbo, kamera, taa tatu na karatasi tupu, wiki mbili zimeshaondoka. Wakakaa siku nne hawana wazo. Mimi naona hizo siku nne ndo zilikuwa za maana kuliko zote, ingawa prodyuza alikuwa analia na ratiba yake na alikuwa na haki ya kulia.

Wazo lilitoka kwa prodyuza mwenyewe, na lilikuja kwa njia ambayo nimeipenda mpaka leo. Mama yake ni fundi cherehani. Tulikuwa tunapitia vesi ya kwanza, ile ya kijana kuitwa, mtu akauliza tunaonyeshaje ameitwa bila kuonyesha kambi, yeye akasema tu, "Si atapimwa sare." Kimya. Halafu akaendelea, kwamba fundi akikupima anakuzungushia futi shingoni, kifuani, anakushika bega anakugeuza, anakuambia simama wima, ni kama anakukumbatia lakini hakukumbatii, na kila akimaliza anasema namba na mtu mwingine anaandika. Mpiga picha akadakia pale pale, na nani mwingine anapima mtu? Hakuna aliyejibu kwa sauti. Wote tulijua ni seremala, yule wa jeneza.

Video yote ikatoka hapo. Vesi ya kwanza fundi anampima kijana. Vesi ya pili chumba kile kile cha fundi, sare imeisha inaning'inia, haijaja kuchukuliwa au imeshachukuliwa, mwanga unahama ukutani. Vesi ya tatu karakana ya seremala. Namba zile zile. Hakuna damu, hakuna bunduki, hakuna bendera ya mtu yeyote, kitambaa cha sare ni cha rangi moja bila nembo, kwa hiyo hakuna nchi inayotajwa na hakuna anayeweza kusema hii ni ya wale, sisi haituhusu. Na maneno ya korasi, mtu si namba, yanapigwa juu ya mtu anayegeuzwa namba mbele ya macho yako na watu wawili ambao hawana ubaya wowote, wanafanya tu kazi yao.

Wakaenda kuongea na seremala wa kweli na hapo wazo likarekebishwa na mwenye ujuzi. Walikuwa wamepanga urefu wa kijana uandikwe na fundi sentimita 172, halafu ubao nao uandikwe 172. Yule mzee akawacheka kidogo, akasema, "Wanangu, sanduku halikatwi kwa urefu wa mtu. Mnaongeza. Kichwani na miguuni." Dairekta alitaka kushikilia namba ifanane kwa sababu mtazamaji ataelewa haraka, mimi nikamsihi asifanye hivyo, manake yeyote aliyewahi kuwa karibu na kazi hiyo atajua mmedanganya na mkishadanganya kwa kitu kidogo hivyo hata kikubwa hamuaminiki. Wakarudi na suluhisho zuri kuliko la mwanzo. Seremala anaandika kwa penseli juu ya ubao 172, chini yake anaandika 10, anapiga mstari, anaandika 182. Hesabu ya darasa la pili. Klozapu moja, haikatwi, mkono wa mzee na penseli fupi ya seremala ile bapa, na unasikia hata kwa kuangalia tu jinsi inavyokwaruza. Hiyo shoti ya sekunde tisa ina vita vyote ndani yake.

Lililofuata sikulitegemea. Kijana waliyempata kuigiza anayepimwa, mwanafunzi mwenzao, alikubali mara moja, ila kwenye mpango wa mwanzo wa karakana alitakiwa alale kwenye benchi seremala ampime akiwa amelala. Prodyuza alivyomtumia maelezo ya siku hiyo, akapiga simu jioni akasema atasimama kupimwa na fundi muda wowote wanaotaka, ila kulala hapana. Kwao kuna mtu alienda vitani akarudi amelala. Hakusema zaidi na prodyuza hakumchimba, alimwambia tu asante kwa kuniambia mapema. Kwenye kikao kuna aliyependekeza atafutwe mtu mwingine, nikasema kabla hamjabadilisha mtu angalieni kama mnahitaji huyo mwili. Na kweli hawakuuhitaji. Seremala anapima ubao peke yake. Kijana hayupo, na kutokuwepo kwake ndo habari yenyewe iliyofika kwenye vesi ya tatu. Nawaambia watu wanaopanga kazi za namna hii, ulizeni waigizaji wenu mapema, kwa maneno wazi, shoti kwa shoti, nini utafanyiwa na nini utaonekana, manake mada ya vita hujui imempita nani, na mtu akigomea siku ya kushuti mbele ya watu kumi na kamera inasubiri, ameshaumizwa tayari.

Ikabaki bendi. Video ya roki bila bendi kupiga haijakamilika, na wenye wimbo walitaka waonekane, haki yao. Swali likawa wapigie wapi. Ukumbi mtupu ulikuwa unapatikana lakini unaonekana kama video nyingine zote. Wakaamua wapigie ndani ya karakana, ukutani, nyuma ya benchi, kwamba seremala anafanya kazi na bendi inapiga na hawaonani. Na hapa ndo solo ilipopata picha yake. Kwenye ile storibodi ya kwanza solo ilikuwa na mlipuko. Mpiga picha akaja na swali, vipi kama kitu pekee kinachotikisika ni vumbi la mbao? Ubao uko mezani, namba 182 imeandikwa, vumbi limemwagika pembeni, dramu na besi zikiingia vumbi linaanza kuruka, linasogea, linaifunika namba.

Wakajaribu na mara ya kwanza haikutokea kitu. Waliweka spika ya besi chini ya ubao mnene, wakafungua sauti mpaka masikio yanauma, vumbi limetulia tuli. Ubao mnene ni mzito mno, hautikisiki kwa spika ya kawaida. Wakabadilisha wakaweka plaiwudi nyembamba, wakaipaka rangi ifanane na ubao, spika inaangalia juu na plaiwudi imelala karibu yake bila kubanwa kona zote, wakapiga noti za chini tu. Likaruka! Tena lile vumbi laini la msumeno ndo linaruka vizuri, maranda ya randa ni mazito na yanashikana. Likaja tatizo lingine, vumbi haliendi unakotaka, linakimbia sehemu zinazotikisika sana linajikusanya kwenye mistari iliyotulia, kwa hiyo ikabidi wamwage kwanza waone linakusanyika wapi halafu ndo waandike namba hapo hapo. Walitumia alasiri nzima kwa shoti moja na sidhani kama kuna alasiri walifurahi zaidi.

Mpango wa kiufundi nautaja kidogo kwa wanaotaka kujaribu. Wimbo unaenda biti 120 kwa dakika, yani biti mbili kila sekunde, na wakiushuti kwa fremu 24 kwa sekunde kila biti ina fremu 12 kamili, edita anakata bila kubahatisha. Wimbo mzima ni biti 504. Korasi ya mwisho walitaka mwimbaji aonekane kwa slomo lakini midomo iendane na sauti, na njia yake ni kushuti kwa fremu 48 huku wimbo unapigwa mara mbili ya kasi yake na yeye anaimba kwa kasi hiyo, ukija kurudisha kwenye 24 mwili unaenda polepole na midomo inakaa sawa. Nikamwambia afanye mazoezi wiki nzima manake maneno kwa kasi mara mbili yanamtoa mtu jasho, na kweli vesi alishindwa, korasi akaiweza kwa sababu ina maneno machache. Spidi ya shata, yani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, kama umeme wenu ni wa hezi 50 kaa kwenye 1/50 kwa shoti za kawaida na 1/100 kwa hizo za slomo, la sivyo baadhi ya taa zitacheza kwenye picha. Kwa mpiga dramu, weka vitambaa juu ya ngoma na sahani zake, anapiga kwa nguvu anazotaka lakini plebaki, yani rekodi ya wimbo wanayoifuata, inasikika na wenzake hawapotei.

Kuna kitu bendi walikuwa wanakitaka sana, taa za kumweka-mweka kwenye mwisho wa wimbo. Hapa niling'ang'ana. Mwongozo unaotumika kwa televisheni na mtandao ni kwamba picha isimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa ajili ya watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na wengine hawajui kama wanacho mpaka siku kiwashike. Japani Desemba 1997 katuni moja ya televisheni ilipeleka watu zaidi ya 600 hospitali kwa mwanga wa namna hiyo, wengi watoto. Sasa kwa wimbo huu hesabu ni nyepesi, taa ikimweka kwa kila biti ni mara mbili kwa sekunde, iko ndani ya mpaka, ikimweka kila nusu biti ni mara nne, imevuka. Wakakubali kila biti moja, na sekunde kumi tu, halafu onyo likae mwanzoni mwa video.

Karatasi za haki zilikaribia kuwaangusha. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi, yani maneno na melodi, na ya rekodi ile iliyopigwa studio, na unahitaji ruhusa za zote kwa maandishi hata kama wenyewe ni marafiki zako na mnakula meza moja. Bendi wakasaini wote wanne fasta. Halafu mpiga besi akakumbuka kwamba korasi iliandikwa na jamaa aliyekuwa gitaa la pili, ameshaondoka kwenye bendi na hawakuachana vizuri. Korasi! Ndo roho ya video nzima. Prodyuza akamtafuta mwenyewe bila bendi kujua, hakumtumia fomu kwanza, alimpelekea ile klipu ya jaribio la penseli, 172 na 10 na 182. Jamaa akasaini siku hiyo hiyo, akaomba jina lake liandikwe mwishoni, na aliandika yale maneno kwa hiyo hata asingeomba ilikuwa lazima.

Shoti zikafika 41. Siku ya kwanza chumba cha fundi, siku ya pili karakana, bendi wanaingia mchana baada ya seremala kumaliza zake, ili mzee asikae anasubiri na kelele. Sekunde 252 kwa shoti 41 ni wastani wa sekunde 6 hivi kila moja, unamjua kijana mpaka mkunjo wa shingo yake pale futi inapopita.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa sekunde nne. Dairekta alitaka wimbo ukishakatika picha ibaki, hakuna muziki, seremala anapuliza vumbi, 182 inaonekana tena, anarudisha penseli sikioni. Bendi hawakutaka, wakasema video ni ya wimbo, wimbo ukiisha na video imeisha, na nilikuwa naelewa pande zote mbili kwa hiyo nilinyamaza. Mwimbaji ndo alikata shauri. Aliomba aangalie jaribio mara moja bila mtu kumwongelesha, akaliangalia, akasema sekunde nne ziwe na sauti ya kupuliza na isiwe ya kuigiza, mzee mwenyewe apulize karibu na maiki. Wakaiweka kwenye ratiba ya siku ya pili, saa kumi na moja jioni, mashine zote za karakana zimezimwa.